Sauti ya Nyanchoka Mfukoni mwa Tata

Leicester, Uingereza
14 Januari 2024

Wifi yangu Rispa, binti wa Kendu,

Bwana asifiwe. Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na kaka yangu Mose, na kwamba kiwanda cha chai cha Itumbe bado hakijammeza kabisa na hizo zamu zake. Mama mwambie soksi alizonifumia ndizo ninazovaa sasa hivi, na baridi ya huku imezikubali. Tata namsalimu kipekee. Najua ni wewe unayemsomea, yeye kwenye kiti chake cha dirishani na wewe kwenye stuli karibu na mlango. Kwa hiyo, Tata, tafadhali usimkatize Rispa ili kunisahihisha. Ulishastaafu.

Wenzangu hapa wananicheka ninavyoandika barua na simu ninayo. Nawaambia Tata, baba yangu, alikuwa mwalimu, na sheria ya nyumba yake ni kwamba jambo la maana linaandikwa, la mchezo ndilo la simu. Na kwa kuwa Kigusii chako bado ni cha kuuzia mitumba, na Kijaluo changu ni cha kununulia samaki, Kiswahili kitatutosha.

Sasa jambo lenyewe. Hii nyumba ya kutunza wazee ninakofanya kazi ina ghorofa kadhaa, na ndani yake kuna mzee mmoja kipofu, mkali kama pilipili, hataki kushikwa na mtu yeyote. Juzi tulikuwa na zoezi la moto. King'ora kikalia, nikakimbia kumchukua, nikamkuta ameshafika kwenye ngazi peke yake. Simu ilikuwa inaongea mfukoni mwake: pinda kushoto, mlango uko mbele, ngazi zinaanza. Kumbe kuna vidude wamebandika kwenye kuta, ukubwa wa kifuniko cha soda. Simu inavisikia vidude hivyo, inajua mtu amefika wapi ndani ya jengo, inamtoa nje. Rispa, nilisimama pale nikalia, wenzangu wakadhani nimeumia.

Nilikuwa nimemwona Tata akilini mwangu. Nilimwona tangu ugonjwa wa sukari umwibie macho, akienda kila Jumatano pale Nyamongo Plaza, ghorofa ya tatu, kujifunza kusoma breli kwa vidole, ameshika ncha moja ya mwavuli na wewe umeshika ncha nyingine. Najua mnavyochekwa mkipita soko la Daraja Mbili. Siku hizi wengi wamelegeza, baba mkwe anamsalimu mkaza mwana kwa mkono na dunia haianguki. Tata hajalegeza. Kwake hamgusani, basi. Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja kwetu Ikonge, ukamnyooshea mkono mbele ya wageni, naye akautoa wake polepole akauficha nyuma ya koti? Mimi ndiye niliyekuburuta jikoni nikakusomea sheria zote hadi machozi yakakutoka. Tangu siku hiyo umezishika kuliko sisi tuliozaliwa nazo.

Wakubwa wangu wameleta vidude vipya na vile vya zamani wamenipa mimi. Persis wa kwa Nyasani anakuja nyumbani mwezi ujao, atavibeba kwenye sanduku lake. Tafuta fundi. Sitaki baba yangu amalizie uzee wake akivutwa kama ndama.

Wifi yako,
Nyanchoka


Daraja Mbili, Kisii
3 Machi 2024

Wifi mpendwa Nyanchoka,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye mvua. Sisi ni wazima. Soko ni tope tupu, na wateja wangu wanachagua nguo wakiwa wamesimama kwenye mbao. Mose yuko zamu za mchana, tunaonana kama majirani. Mama anasema mguu umepoa ila chai imechipua yote kwa mpigo na wachumaji hawapatikani. Tata aliniambia nimsomee barua yako tena na tena, kisha akasema, "Anaandika vizuri huyu, ila maneno ni mengi." Alikuwa anatabasamu.

Vidude vimefika. Nilipofungua mfuko nilidhani Persis ameniletea vifungo vya makoti. Nimepata fundi, anaitwa Ochanda, ndiye anayeunganisha intaneti hapo Nyamongo Plaza. Ni mtu wa kwetu upande wa ziwa, nikamwongelesha Kijaluo hadi akakosa pa kukimbilia. Amepima kila ukumbi na kila kona. Jengo lina ngazi za mbele zinazotokea barabarani na za nyuma zinazotokea uani, na zote amezibandikia vidude. Mwenye jengo, Bwana Nyamongo, amekubali haraka sana. Anataka aonekane mtu wa maendeleo.

Shida ni sauti. Simu inaongea Kiingereza cha puani. Ochanda akatafuta ya Kiswahili, Tata akasikiliza kidogo akasema, "Huyu mama hanijui, atanipelekaje?" Inawezekana mtu wa nyumbani kurekodi maneno yake mwenyewe. Nikamtaja Mose. Tata akasema Mose hawezi kumwelekeza mtu hata chooni. Mimi sikujitaja, unajua mwenyewe, si vizuri nimwamrishe baba mkwe geuka huku, geuka kule.

Anakutaka wewe. Alisema, "Nyanchoka akiniambia pinda, nitapinda. Sitauliza." Basi kazi ni yako, tuma haraka kabla Ochanda hajanichoka.

Mimi wako,
Rispa


Leicester
20 Aprili 2024

Wifi,

Nawasalimu nyote. Leo ni Sabato na niko kazini, usimsomee Tata mstari huu. Au msomee, atajua tu. Huku sichagui siku.

Nimeshamtumia Ochanda rekodi zote, kwa hiyo kabla ya barua hii kufika huenda mmeshanisikia. Nilijifungia kwenye stoo ya mashuka ili pasiwe na kelele, nikaongea Kigusii, kile cha nyumbani kabisa. Nakuandikia kwa Kiswahili ili ujue ninachomwambia. "Tata, nyoosha mbele." "Tata, ngazi zinashuka, shika chuma cha kulia." "Tata, hapa kuna mlango, usukume." "Tata, umetoka nje, uko salama." Hiyo ya mwisho niliisema kwa furaha, mtasikia.

Kisha Ochanda akaniambia inahitajika moja ya pale simu inapokosa kusikia vidude, maana ikinyamaza ghafla kipofu atababaika. Nikafikiria sana. Nikakumbuka nilipokuwa mdogo tukienda soko na Tata, alikuwa ananiinamia kabla hatujaingia kwenye watu na kuniambia: ukinipotea, simama hapo ulipo, usitembee hata hatua, mimi ndiye nitakayekutafuta. Na niliwahi kupotea kweli, kati ya wauza ndizi. Nilisimama kama nguzo, watu wananipita, na kweli alikuja.

Kwa hiyo nimemrudishia maneno yake: "Tata, nimekupoteza. Simama hapo hapo ulipo, usisogee, nitakupata." Sauti ilinikatika mara ya kwanza, ikabidi nirudie. Mwambie Tata hiyo ni zawadi.

Wako,
Nyanchoka


Daraja Mbili, Kisii
16 Juni 2024

Wifi Nyanchoka,

Salamu nyingi, na leo nakuandikia nikiwa na raha. Sote hatujambo. Mama amepata wachumaji, Mose amepata likizo fupi na amelala kama gunia.

Wifi, ungemwona Tata! Jumatano tulifanya zoezi la moto pale jengoni. King'ora kikalia, darasa zima la breli likashikana mikono na mwalimu wao. Tata akatikisa kichwa, akafunga kifungo cha koti, akawasha simu. Nikakusikia ukisema nyoosha mbele. Akanyoosha. Ukumbi wote, mlango, ngazi za mbele, hadi barabarani, na mimi nyuma yake tu. Uliposema "umetoka nje, uko salama," watu wa bodaboda walipiga makofi. Mzee alisimama pale kwenye jua, amenyoosha shingo kama siku za gwaride la shule. Nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Mwavuli tumeutundika nyuma ya mlango hapa kwangu. Tata amesema ubaki huko hadi mvua inyeshe kweli. Sasa tunatembea yeye mbele mimi nyuma, kila mtu na heshima yake.

Hata nyumbani Ikonge anaiwasha. Kule hakuna kidude hata kimoja, kwa hiyo unaanza papo hapo: Tata, nimekupoteza! Na Mama anakujibu kutoka jikoni, "Yuko hapa anakunywa uji, wacha kelele!" Tunavunjika mbavu. Tata naye, hata kama ni mchezo, ukimwambia asimame anasimama, kikombe mkononi, mpaka Mama amzimie simu.

Ochanda alitaka zoezi la pili, tujaribu na ngazi moja ikiwa imefungwa. Bwana Nyamongo amesema wapangaji wamechoka na king'ora, tungoje baada ya Agosti. Si neno. La maana tumelipata.

Wako mwenye furaha,
Rispa


Leicester
9 Oktoba 2024

Rispa,

Nakusalimu. Mama namsalimu pia. Mose nimeongea naye.

Ni majuma mengi sasa tangu tumzike Tata. Nasema tumzike, na mimi nilizika kwa kutazama kwenye simu, nimekaa kwenye ile stoo ya mashuka, kwa sababu karatasi zangu za kuishi huku bado zinashughulikiwa, na ningetoka nisingerudi. Niliona jeneza likipita kwenye chai. Sikukuona wewe. Nikauliza uko wapi, wakasema umekaa nyuma na wapishi.

Nimekupigia kila siku, simu inaita hadi inakatika. Unapokea za Persis na za Mama, ila zangu hupokei. Nimejiambia ni majonzi. Sasa sijui nijiambie nini.

Niambie jinsi ilivyokuwa. Ninachojua ni cha kuokota. Kwamba moto ulianza kwenye duka la magodoro pale chini. Kwamba darasa zima la breli, vipofu wote, walitoka kwa ngazi za nyuma wakiwa wameshikwa mikono. Kwamba Ochanda alikuwa uani na akakuona ukitoka mbio. Peke yako.

Uliandika mwenyewe kwamba unatembea nyuma yake. Wewe umetoka, yeye hakutoka. Nitafute maelezo wapi?

Nyanchoka


Daraja Mbili, Kisii
1 Desemba 2024

Wifi Nyanchoka,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Barua yako ilifika siku nyingi, nisamehe kwa kuchelewa. Mama anaendelea vizuri, ila hali chakula hadi alazimishwe. Mvua za huku ni za kawaida. Mose amehamia nyumba za wafanyakazi kule Itumbe, anasema ni kwa sababu ya zamu.

Umeniuliza jinsi ilivyokuwa. Moshi ulikuwa mwingi. Tata hakuteseka muda mrefu, daktari alisema hivyo, na mimi naamini. Vidude vyako vilifanya kazi vizuri na usije ukafikiria vinginevyo. Nilitoka kwenda kuita msaada. Msaada ukachelewa. Sina zaidi.

Simu sipokei kwa sababu haiko sawa, inasumbua upande wa kusikia.

Naomba tusiandikiane tena kuhusu siku ile. Niulize habari za chai, za Mama, za soko, nitakujibu kila kitu.

Rispa


Leicester
5 Januari 2025

Rispa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa sioni heri yoyote.

Usinidanganye kuhusu simu. Persis ameongea nawe kwa simu hiyo hiyo juzi, akakusikia vizuri kabisa.

Nitasema wanachosema wote Ikonge, kwa sababu hakuna anayekuambia usoni. Wanasema mzee aliachwa ngazini na mtu aliyekuwa naye. Wanasema hata mtoto angemshika mzee mkono na kumtoa. Wanawake wa kanisa wanasema uliogopa kumgusa, kwamba uliona afadhali afe kuliko uvunje mwiko. Wengine wanasema si hata mwiko, ni roho yako tu uliyoipenda. Mimi nilikutetea. Nilikutetea hadi barua yako ya Desemba, barua kavu, kama ya mtu aliyeandikiwa na wakili.

Kwa nini hukumshika mkono, Rispa? Hilo tu. Ni mimi niliyekufundisha zile sheria jikoni, najua. Lakini kulikuwa na moto! Nani anakumbuka adabu kwenye moto? Ungemburuta kwa shati, ungemburuta kwa masikio, leo ningekuwa na baba.

Mose ameniomba ushauri na nimempa. Nimemwambia uende kwenu kwa muda. Sitaki kujua kwamba uko pale nyumbani unampikia Mama yangu uji huku umemfungia kinywa chako.

Ukitaka kuniandikia, andika ukweli. Kama si ukweli, usiharibu stempu.

Nyanchoka


Kendu Bay
22 Machi 2025

Wifi Nyanchoka,

Nakusalimu kutoka kwetu. Mama yangu mzazi anakusalimu, anakumbuka ulivyokula samaki na kichwa chake siku ya mahari. Nimefika hapa mwezi uliopita. Mose alinisindikiza hadi stendi, akaninunulia maji, akarudi Itumbe. Wauza nguo wenzangu wanaishikilia meza yangu, ila sidhani kama nitarudi.

Nilikuwa nimeamua kufa na jambo hili. Uliponiandikia ile barua nilikaa nayo, nikasema hapana, bado nitanyamaza. Lakini umeuliza kwa nini sikumshika mkono, na hilo siwezi kulibeba. Lingine lote naweza. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na kuwe na mtu karibu.

Siku ile king'ora kilipolia mwalimu wa breli alisema washikane mikono waende ngazi za nyuma. Tata alitikisa kichwa kama siku ya zoezi, akawasha simu. Ukasema nyoosha mbele. Simu ilimpeleka ngazi za mbele kwa sababu ndizo za karibu, na mimi nikafuata. Moshi ulikuwa bado haba, kama wa jiko la kuni. Nilisema, "Tata, wengine wameenda nyuma." Akasema, "Nyanchoka anajua." Tukashuka. Tulipofika kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, moshi mweusi ukatupanda usoni. Nafikiri vidude vya chini vilikuwa vimeshaungua. Simu ikanyamaza kidogo, kisha ukasema ile uliyomzawadia.

Akasimama, wifi. Alisimama kabisa, visigino pamoja.

Nikamwambia turudi juu, ngazi za nyuma ziko wazi, watu wanapita. Akasema, "Amesema nisimame. Atanipata." Nikapiga kelele. Ikasema tena, nimekupoteza, simama hapo hapo ulipo, usisogee. Akawa anakohoa na bado amesimama.

Nilimshika mkono. Ndiyo, nilimshika. Nilisahau sheria zako zote, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili nikavuta. Na yeye akautoa. Hakuunyakua kwa hasira. Aliutoa polepole, akauweka nyuma ya koti, vile vile kama siku ya kwanza Ikonge, akaniambia, "Hapana, mama. Wewe tangulia." Nikamvuta koti, akakumbatia chuma cha ngazi, na unajua uzito wake. Unajua nilifanya nini? Niligeuka kuutafuta mwavuli. Nilipapasa ukutani kwenye moshi nikitafuta mwavuli ambao tuliutundika nyumbani, kwa sababu ule angeushika. Ule hakuukataa hata siku moja.

Ndipo nikakimbia, juu tena kisha kwa ngazi za nyuma hadi uani. Nilikimbia kumtafuta mwanamume. Nilisema akija mwanamume, Tata atakubali mkono wake. Ndiyo maana watu waliniona nikitoka peke yangu. Ochanda alirudi nami papo hapo bila kuuliza. Tulifika ghorofa ya pili kwa upande wa nyuma, tukavuka ukumbi, na pale juu ya ngazi za mbele hapakuonekana kitu, ni giza la moshi. Lakini tulikusikia. Ulikuwa unasema kutoka kule chini, nitakupata, nitakupata. Ochanda aliteremka akarudi anatapika, akanibeba mimi.

Walipomtoa alikuwa bado ana simu mfukoni. Nilipanda naye nyuma ya pikapu hadi hospitali, na njia nzima nilimshika mkono. Safari hiyo hakuutoa.

Sasa unajua kwa nini sipokei simu zako. Sikuchukii. Ni kwamba nikisikia sauti yako, hata ikisema haloo tu, miguu yangu inasimama na siwezi kupumua. Na sikukuambia kwa sababu niliona afadhali watu wa Ikonge wamchukie mkaza mwana wa kutoka Kendu, kuliko binti ajichukie mwenyewe huko mbali ambako hana wa kumshika. Ochanda naye nilimwapisha.

Hukukosea. Mimi sikukosea. Tata naye hakukosea, alikuwa mtu wa adabu zake. Nimegeuza hivi na hivi nikitafuta wa kulaumu, sijampata, na hilo ndilo linaloniua.

Rispa


Leicester
15 Juni 2025

Wifi yangu Rispa,

Nakusalimu, na Mama yako mzazi pia. Sijui kama bado unanihesabu kuwa wifi.

Nilisoma barua yako nikiwa peke yangu, sikukutii. Kwa siku nyingi sikuongea na mtu. Kazini wakadhani nimepoteza sauti, wakanipa dawa ya koo. Sikuwaambia kwamba sitaki kuisikia.

Nimemwandikia Mose yote, neno kwa neno kama ulivyoniandikia. Nimemwandikia na mchungaji asome mbele ya wale wanawake wa kanisa. Mose hajajibu. Mchungaji amejibu kwamba mambo haya yaachwe yapoe. Kwa hiyo nimekuvunjia nyumba kwa barua moja na siwezi kuijenga kwa barua kumi. Nisamehe. Najua neno hilo halifiki popote.

Mwezi uliopita tulikuwa na zoezi la moto hapa. Yule mzee mkali akawasha simu yake, akaanza kutembea. Nilimkimbilia nikamshika mkono, na alipojaribu kuutoa nilimng'ang'ania hadi nje, akipiga kelele kwamba namuumiza. Amenishtaki na nimepewa onyo. Wakasema nikirudia nitafukuzwa. Nitarudia.

Kuna jambo moja lilikuwa limebaki, nalo ni simu ya Tata. Walimrudishia Mama pamoja na nguo zake. Nilitaka Ochanda aende Ikonge aifute sauti yangu, nikampigia Mama kumwomba. Mama hajui ilivyokuwa ngazini. Barua niliyomwandikia mchungaji haikumfikia, na mimi sikuwa na kinywa cha kumwambia. Aliitika kwa furaha, akauliza kama nimekula. Na nyuma yake, Rispa, nilikuwa najisikia mwenyewe, kwa kile Kigusii cha nyumbani, nikimwambia Tata nimempoteza, nitampata.

Nikamwuliza, Mama, ni nini hicho? Akasema ni simu ya mzee, na yeye Mama huichaji kila siku na kuiwasha anapopika, nyumba isiwe kimya. Nikamwomba aizime. Akakataa.

Alisema, "Kwa nini niizime? Wengine wote hapa wameshaacha. Ni wewe tu bado unamtafuta."

Nyanchoka